Shajara ya dredi 96: mwaka mmoja bila kurepea

Juni, wiki ya kwanza. Hali ya kichwa

Dredi 96, umri wa miezi tisa, kwenye nywele za kipilipili ambazo hazijawahi kutiwa dawa. Zilianzishwa kwa kuzungushwa na chanuo, na tangu siku hiyo zimekuwa zikirepewa, yaani kusokotwa upya mizizini, kila wiki mbili: jeli, nta ya nyuki, vibanio, kisha draya kwa saa moja. Mwenye nywele anaishi Dar es Salaam na anaogea maji ya kisima yenye chumvi. Mpango ni mwaka mzima bila kurepea hata mara moja. Kazi itakuwa kuosha, kukausha, kutenganisha mizizi, kupima na kuandika.

Kwa mbali dredi hizi zinavutia. Njia zimenyooka, mizizi inang'aa, hakuna unywele uliosimama. Ukizishika ndipo unapogundua kasoro. Tulipima kwa uzi wa cherehani na rula: uzi unazungushwa mara moja kwenye dredi bila kukaza, unatiwa alama, unanyooshwa kwenye rula. Dredi nne zimefungwa uzi wa rangi nchani ili tuzifuatilie hadi mwisho. Ya utosini ina mzingo wa sentimita 2.4 katikati na 1.9 mzizini. Ya kisogoni na ya nyuma ya sikio la kulia hazitofautiani sana na hiyo. Ya panja la kushoto ndiyo mgonjwa wetu: sentimita 2.2 katikati, milimita 9 tu mzizini. Kichwa kizima kina dredi 14 za aina hiyo, ambazo mzizi haufiki nusu ya unene wa mwili wake, na karibu zote ziko panjani na kwenye ukingo wa mbele.

Sababu inajulikana. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi hupungua hapo kidogo. Ndani ya wiki mbili kimeota nusu sentimita. Nusu sentimita haisokoteki, kwa hiyo msokoto unakula nywele ileile iliyosokotwa mara iliyopita, na nguvu yote inaishia kwenye ngozi. Fanya hivyo mara 18, upande uleule, nywele zikiwa mbichi (nywele mbichi hukatika kwa urahisi kuliko kavu), na mzizi utakonda. Panjani ndiko kunakoathirika kwanza kwa sababu nywele za pale ni nyembamba na chache. Ngozi inayopoteza nywele kwa kuvutwa si jambo jipya: tangu 1907 iliandikwa kuhusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza.

Kasoro ya pili ni kwamba hazijashikana. Kwa miezi tisa tulitarajia vinundu ndani ya dredi. Jaribio ni jepesi: chovya ncha ya dredi kwenye glasi ya maji kwa dakika tano, kisha iminye. Iliyoshikana inabaki kamba. Hizi zilifumuka kama uzi wa katani, kwa sababu kilichokuwa kinazishika ni jeli, na jeli huyeyuka.

Hapa inafaa tueleze kazi inavyofanyika ndani, maana kila uamuzi unaofuata unatoka hapo. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kwenye nywele zinazochanwa, zinaishia kwenye kitana. Kwenye dredi hazina pa kwenda, zinabaki ndani. Gawanya kwa dredi 96: kila dredi inapata unywele mmoja kila siku moja au mbili, yaani kama 190 hadi 380 kwa mwaka. Nywele hizo zilizolegea ndizo zinazotembea. Kila unywele umefunikwa magamba madogo yanayoelekea nchani, kwa hiyo huteleza kirahisi kuelekea upande mmoja na kukwama upande mwingine, kama suke la ngano linavyopanda mkononi ukilisugua. Maji yanauvimbisha, unajikunja, unajipinda kwenye wenzake, unakauka ukiwa hapo. Kurudia kusokota kila wiki mbili kunavuruga fundo hilo likiwa bado changa, na jeli inalainisha magamba yasikwame.

Juni, wiki ya pili. Nta

Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote za mwaka, na inafanyika mara moja tu.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Maji ya moto kabisa ambayo ngozi ya kichwa inavumilia hayafiki hata nyuzi 50. Anayeosha nta kwa shampuu na maji ya moto anaihamisha tu: inalainika, inasogea ndani, inaganda tena huko, na inaendelea kunasa vumbi na nyuzi za taulo. Dredi zikiminywa na kuacha alama nyeupe ya utelezi kwenye kucha, hiyo ni nta.

Tulitumia mbinu ileile inayotumika mshumaa ukidondokea kanga, pale unapoweka karatasi na kupitisha pasi. Dredi inafunikwa kwa tishu ya jikoni iliyokunjwa mara mbili, draya ya moto wa kati inaelekezwa kutoka sentimita 10, na vidole vinaminya kupitia tishu. Doa la mafuta linatokea. Badilisha tishu, rudia, mara tatu kwa kila sehemu. Usikaribie ngozi: tulianzia sentimita tatu kutoka kichwani. Kila dredi ilichukua kama dakika tatu, kwa hiyo kichwa kizima kilikaribia saa tano, tukagawa kwa siku mbili.

Siku ya tatu, kuloweka. Beseni la maji ya vuguvugu lita tano, vijiko viwili vya chakula vya bikaboneti ya sodiamu, ile nyeupe laini ya kuokea keki. Dakika 15, si zaidi. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, na juu yakaelea utando. Suuza hadi maji yawe safi, kisha mimina siki ya tufaha vijiko vinne ndani ya lita mbili za maji, iache dakika mbili, suuza tena. Bikaboneti ni alikali, huyafungua magamba ya unywele, siki inayalaza. Tusirudie zoezi hili kabla ya miezi minne, kwa sababu nywele zinazofunguliwa mara kwa mara hukauka na kukatika.

Onyo moja lenye uzito: usitumie magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage na makande. Jina linafanana na watu huchanganya, lakini magadi yale ni makali zaidi, yanaunguza ngozi na kuzilegeza nywele.

Wakati wa kusuuza, dredi moja ya panja la kulia ilikatika mzizini. Kisiki chake cha sentimita moja tumekiunga na jirani yake. Sasa ni 95. Tulifikiria kuishona tena kwa kroshia, tukaacha: kuning'iniza dredi ya sentimita 14 kwenye nywele zilizochoka ni kuzipa mzigo zisioweza kuubeba.

Nta yote haijatoka. Iliyo katikati kabisa tumeiacha. Itaendelea kushuka mbali na kichwa kadiri nywele zinavyoota, na siku moja itaondoka kwa mkasi.

Julai. Utaratibu wa kuosha, na timutimu

Kuosha ni kila siku ya saba hadi ya kumi. Imani kwamba dredi zisioshwe ili zishikane imewaponza wengi. Mafuta ya ngozi yanafanya unywele uteleze. Unywele safi unashika. Dredi chafu inanenepa kwa uchafu, si kwa kushikana.

Shampuu isiyochanganywa na kondishena (kilainisha nywele), mililita 20 ndani ya chupa ya mililita 400 za maji. Chupa yenye mdomo mwembamba inapitishwa kwenye njia, ngozi inasuguliwa kwa ncha za vidole, si kucha. Dredi zenyewe hazisuguliwi. Povu likishuka linatosha kuzisafisha, zinaminywa tu kutoka juu kwenda chini. Kusuuza kunachukua muda mrefu kuliko kuosha: dakika nane, huku ukiminya moja moja. Maji ya mwisho, lita tatu, ni ya mvua au ya bomba. Maji ya kisima yenye chumvi yanaizuia sabuni kutoa povu na yanaacha ukoko mweupe ambao watu huudhania mba. Tulibishana kama lita tatu zitatosha. Zinatosha, ila zimiminwe polepole kwa kopo.

Taulo halitumiki. Nyuzi zake zinaingia ndani na hazitoki tena. Kwenye dredi nyeusi zinaonekana kama vumbi la pamba maisha yake yote. Fulana kuukuu ya pamba inakausha vizuri zaidi. Kofia ya sufi nayo marufuku. Kanga mpya ifuliwe mara kadhaa kabla haijawa kilemba, maana huchuja rangi. Usiku, foronya ya satini.

Kisha kutenganisha. Nywele zikiwa na unyevu kidogo, shika dredi mbili zinazopakana, zivute taratibu kuelekea pande tofauti, ukianzia nchani na kushuka hadi usikie zimeachana kwenye ngozi. Sauti ni ndogo, kama ya kupasua kitambaa chakavu. Ikigoma, ingiza kidole gumba katikati na upasue nywele chache kwa wakati. Hakuna mkasi, hakuna kitana. Kichwa kizima ni dakika 25. Hii ndiyo kazi pekee ya mikono ambayo dredi zinazoachwa zikomae zinaihitaji kweli, na ndiyo inayosahaulika.

Kufikia wiki ya sita kichwa kimekuwa timutimu. Mizizi imefumuka sentimita mbili, nywele fupi zimesimama kila upande, njia hazionekani. Hapa ndipo watu wengi hurudi saluni. Mtaani mwenye nywele anaambiwa kila siku, "Dada, mbona umejiachia hivyo, njoo nikurepee." Tumeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili isisahaulike: hizo nywele zilizosimama ndizo zitakazoingia ndani. Ukizilaza kwa jeli leo, umezifukuza. Kwa shughuli rasmi, tumia kilemba, au zirudishe nyuma na kuzifunga kwa kitambaa laini bila kukaza, zikiwa kavu. Zikiwa mbichi ni nzito na mzizi unabeba uzito wote.

Anayetaka kujua kichwa kinaweza kukaa muda gani bila mkono wa msusi, amtazame Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa Kenya. Dredi zake zilianza porini miaka ya 1950, msituni ambako hakukuwa na jeli wala kibanio, na alikaa nazo hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya, alipozikata. Alifariki Septemba 2023. Kichwa chake kilikuwa na dredi ndefu zilizojiunda zenyewe kwa zaidi ya miaka 60. Si lazima kila mtu azitake nene na zenye maumbo yasiyofanana kama zake, na ndiyo maana sisi tunatenganisha. Ila kushikana kwenyewe hakujawahi kuhitaji saluni.

Agosti. Kuunganisha dhaifu, na mba

Dredi 13 zenye mizizi iliyokonda zilichunguzwa tena. Tano zimeanza kupata nywele mpya fupi pembeni ya mzizi, dalili nzuri. Nne hazina chochote, na kila moja inapakana na dredi yenye afya. Hizo nne tumeziunga na jirani zao, jozi kwa jozi. Zinawekwa pamoja zikiwa na unyevu, zinapindwa mara tatu kwa sentimita mbili za mzizini, kisha zinafungwa kwa uzi mweusi wa pamba, mizunguko minne, ulegevu wa kutosha kupitisha ncha ya sindano. Uzi unatoka baada ya wiki sita. Usisahau tarehe: uzi ukizidi miezi mitatu unazama ndani, na kuutoa ni kukata nywele. Idadi sasa ni 91.

Nne zilizobaki, ikiwemo yenye uzi wa rangi panjani, tumeziacha bila kuziunga. Haziguswi isipokuwa kuoshwa.

Wiki ya pili ya mwezi, kuwasha kulianza, na magamba meupe yenye mafuta kando ya njia. Hayo ni mba ya kweli, hayafanani na ukoko wa maji ya kisima ambao ni mkavu na hutoka kama chumvi. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, povu likae dakika tano juu ya ngozi kabla ya kusuuza. Kuwasha kulipungua baada ya maosho ya tatu. Wengi hapa hupaka mafuta mengi zaidi, na fangasi wa mba hula mafuta, kwa hiyo tatizo linalishwa.

Kama badala ya magamba tu ungeona duara lenye nywele zilizokatika karibu na ngozi, hasa kwa mtoto, hilo lingekuwa mapunye, na mapunye hayaponi kwa shampuu peke yake. Yanataka vidonge kutoka kwa daktari.

Kuhusu mafuta: matone manne ya mafuta ya nazi kwa kichwa kizima, yapakwe kwa ncha ya kidole kwenye ngozi, tena pale tu inapokauka. Mafuta ya mnyonyo ni mazito, yanavuta vumbi. Tui la nazi, parachichi na yai havina nafasi kwenye dredi. Kwenye nywele zilizochanuliwa vinasuuzika. Ndani ya dredi chembe zake zinabaki, zinaoza, na harufu yake haitoki. Hina ni vivyo hivyo, punje zake hudondoka miezi mingi baadaye.

Septemba. Kinundu cha kwanza

Dredi iliyo nyuma ya sikio la kulia, sentimita sita kutoka nchani. Ukiipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, unaanza na ulaini, kisha ghafla kuna kitu kigumu, kama punje ya choroko ndani ya kamba. Ukikiminya kinabonyea kidogo na kurudi. Pale kilipo, dredi imevimba: mzingo ni sentimita 3.1, ilhali juu yake ni 2.5. Kwa macho inaonekana kama nyoka aliyemeza kitu. Nywele za kuzunguka zimechomoza vitanzi vidogo, vinne tulivihesabu, kila kimoja mwanzo na mwisho wake viko ndani.

Hiki ndicho kilichokuwa kinasubiriwa, na ndicho kinachovunjwa zaidi na mikono. Anayekihisi huona kasoro: dredi haifanani na wenzake, ina tumbo. Anaiviringisha kwa viganja ili iwe sawa, au anachukua kroshia. Tumekubaliana kutofanya lolote. Kinundu kitatambaa juu na chini chenyewe. Vitanzi vikizidi sentimita moja na kunasa kwenye hereni, hapo tu ndipo sindano ya kroshia ya milimita 0.75 itaingia, kuvuta kitanzi ndani mara moja, na kutoka.

Hadi mwisho wa mwezi, dredi 22 zina kinundu kimoja au zaidi. Nyingi ziko utosini na nyuma ya masikio. Kisogoni hakuna hata kimoja. Nywele za kisogoni kwenye kichwa hiki zina mkunjo mpana zaidi, na mkunjo mpana unachelewa kukwama. Vichwa vingi viko hivyo, sehemu moja inatangulia na nyingine inabaki nyuma kwa miezi.

Oktoba. Makosa mawili

La kwanza: siku 16 zilipita bila kuosha wala kutenganisha, kwa sababu ya safari. Tuliporudi, mizizi saba ya utosini ilikuwa imeungana kuwa mkeka. Kuipasua kulichukua dakika 50, na kwenye jozi moja tulilazimika kung'oa nywele chache. Tangu leo, hata kama maji hayapo, kutenganisha kunafanyika kila siku ya kumi, nywele zikipuliziwa maji kidogo. Nywele kavu kabisa zikipasuliwa hukatika.

La pili ni la kroshia, na lingeweza kuharibu zaidi. Dredi tatu za mbele zilishonwa ili zipunguze utimutimu kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Zilitoka ngumu, nyembamba, zimenyooka, na kila aliyeziona alizisifu. Baada ya wiki mbili, ukizikunja zinatoa vumbi la nywele fupi, nusu sentimita kila moja. Ndoano inapoingia inashika nywele chache na kuzivuta kwa nguvu. Zilizo njiani zinakatwa. Ugumu unaosikika baada ya kushona ni wa nywele zilizobanwa, si za kukomaa, na zilizokatika hazina urefu wa kujifunga tena. Dredi hizo tatu zimetiwa alama kwenye daftari ili zilinganishwe na jirani zao mwakani.

Kwa kuwa swali linarudi: kupitisha ncha ya dredi kwenye mzizi wake badala ya kusokota nako si tiba. Ukipitisha mara nyingi, au kila mara kutoka upande uleule, mzizi unagawanyika na kubaki na tundu unaloweza kuona mwanga ukipita. Tundu hilo halizibiki.

Novemba hadi Februari

Miezi mirefu, maandishi machache. Joto la kaskazi linaleta jasho, na jasho lina chumvi. Kuosha kumesogezwa hadi kila siku ya sita. Urefu Januari: sentimita 15. Tangu Juni nywele zimeota karibu sentimita saba, lakini dredi imeongezeka moja tu. Kilichobaki kimekunjwa ndani ya unene. Mzingo wa dredi ya utosini umetoka 2.4 hadi 3.0. Mtu anayepima urefu peke yake angeona hazioti, na angekimbilia dawa za kukuza nywele.

Bahari: kuogelea mara kadhaa kwa mwezi hakuleti madhara, na chumvi inaongeza msuguano, kwa hiyo kushikana kunaharakishwa kidogo. Maji ya Bahari ya Hindi yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Yakikaukia ndani, dredi inakakamaa na kuvunjika kama kijiti. Suuza kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Sehemu ya mzizi isiyoshikana, iliyofika sentimita 4.5 Oktoba, imerudi hadi 3. Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote tuliyopima. Kwa miezi minne ya mwanzo mzizi ulikuwa unazidi kulegea kila mwezi, na ungeweza kudhani hautashikana kamwe. Vinundu vilipopanda juu, vilianza kuvuta mzizi. Sentimita mbili hadi tatu za ulegevu karibu na ngozi ni za kudumu na ni za afya. Dredi iliyoshikana hadi kwenye ngozi inavuta kila ukigeuza shingo.

Machi hadi Mei. Masika

Adui wa dredi zilizokomaa ni unyevu, na masika ya pwani yana unyevu wa kutosha. Dredi changa hukauka kwa saa mbili. Hizi sasa, Aprili, zinachukua saa saba ndani ya nyumba, na nene za kisogoni zaidi. Katikati ya dredi ikibaki mbichi siku mbili mfululizo, ukungu unaota ndani, na harufu yake, ya kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo, haiondolewi kwa manukato.

Kwa hiyo: kuosha kunaanza saa nne asubuhi, na siku ya mvua kunaahirishwa. Minya kwa fulana mara mbili, fulana mbili tofauti. Zitikise. Draya ya moto mdogo kwenye mizizi na kisogo dakika 30. Hakuna kilemba, hakuna kulala, hakuna kuzifunga hadi zipite mtihani: funga tishu kavu kwenye dredi nene kuliko zote, iminye kwa nguvu ukihesabu hadi kumi. Tishu ikitoka na unyevu, endelea kukausha.

Mwishoni mwa Aprili dredi mbili za kisogoni zilitoa harufu. Tulizichovya kwenye siki ya tufaha, sehemu moja kwa maji sehemu nne, dakika kumi, tukasuuza, tukazikausha kwa draya hadi ziwe moto mkononi, na tukazianika juani siku mbili zilizofuata. Moja imepona. Nyingine ilirudisha harufu baada ya wiki, tukarudia, sasa iko sawa. Ingerudi mara ya tatu tungeikata pale inaponuka.

Juni. Vipimo vya mwisho

Dredi 91. Urefu wa wastani sentimita 19. Zenye vinundu au zilizoshikana mwili mzima: 83. Nane zilizobaki ni za kisogoni, laini bado, lakini hazifumuki tena kwenye glasi ya maji.

Utosini: mzingo 3.2 katikati, 2.8 mzizini. Nyuma ya sikio la kulia: kile kinundu hakionekani tena, dredi yote imekuwa ngumu na nene sawasawa kuanzia ncha hadi sentimita tatu kutoka kichwani. Panja la kushoto: mzizi umetoka milimita 9 hadi sentimita 1.6. Ukitazama kwa karibu unaona historia yake yote, chini mwili wa zamani, kisha shingo nyembamba ya miezi ile ya jeli, ambayo sasa iko sentimita tisa kutoka kwenye ngozi, kisha mzizi mpya uliojaa. Shingo hiyo ndiyo sehemu itakayokatika kama kuna itakayokatika. Tumeizungushia uzi mweusi, mizunguko sita bila kukaza, ili isibebe uzito peke yake wakati wa kuosha.

Dredi tatu zilizoshonwa Oktoba ni nyembamba kuliko jirani zao kwa milimita nne hadi sita za mzingo, na mbili zimetoa vitanzi palepale ndoano ilipopita.

Ngozi ya panja la kulia, pale dredi ilipokatika mwaka jana, ina nywele mpya za sentimita nane. Hazijasokotwa. Zimeanza kujikunja zenyewe na kuelekea kwenye dredi ya jirani, nasi tunazitenganisha kila wiki, kwa sababu tunadhani zinatosha kuwa dredi ya 92.

Ratiba inaendelea ilivyo. Osho lijalo ni Jumamosi, mvua isiponyesha.